Mbili Kutwa Mara Tatu

Katika Kiswahili cha mtaani, panadol si jina la dawa moja tena. Ni jina la ukoo mzima. Mtu akiumwa kichwa ofisini huomba panadol, na jirani yake humpa chochote kilichopo kwenye mkoba: parasetamoli ya kiwanda kingine, aspirini, diklofenaki, au kidonge cha rangi mbili ambacho hakuna anayekumbuka kilinunuliwa lini. Aliyeomba hushukuru, aliyetoa huona amefanya wema, na kazi inaendelea. Lugha imerahisisha mambo kama ilivyo kawaida yake. Shida ni kwamba ini na figo havielewi Kiswahili cha mtaani. Kwa ini, parasetamoli na diklofenaki ni wageni wawili tofauti kabisa, hata kama sisi tumewapa jina moja.

Kuna maneno mengine tuliyoyazoea zaidi ya hayo. Ni yale yanayoandikwa kwa kalamu juu ya bahasha ndogo ya dawa: 2 x 3. Muuzaji huyasoma kwa sauti huku akitafuta chenji: mbili kutwa mara tatu. Mimi nilisoma historia, si famasi, na kinachonivuta katika namba hizo ni njia zilizopita kabla ya kufika kwenye bahasha. Hazikutoka maabara zikiwa kamili. Ziliokotwa moja moja kutoka kwa watu waliokunywa nyingi mno, au kwa miaka mingi mno, wakati hakuna aliyejua mpaka uko wapi. Na ukizifuatilia vizuri utagundua kwamba kwenye bahasha ile kuna namba moja ambayo haijaandikwa.

Tuanzie Strasbourg, mwaka 1886, wakati mji huo ulikuwa chini ya Ujerumani. Madaktari wawili vijana, Arnold Cahn na Paul Hepp, walikuwa wakimtibu mgonjwa mwenye minyoo. Walitaka kumpa naftalini, ile ile tunayoiweka kabatini kufukuza wadudu wa nguo. Minyoo haikushtuka, lakini homa ya mgonjwa ikashuka. Walipochunguza, wakakuta duka la dawa lilikuwa limewapa kitu kingine kabisa: asetanilidi, kemikali ya jamii ya zile zilizopatikana kutokana na lami ya makaa ya mawe na kutumika katika viwanda vya rangi za nguo. Kosa la muuza dawa likazaa dawa mpya. Haikuchukua muda ikawa sokoni kwa jina la Antifebrin.

Ilishusha homa kweli, ikatuliza na maumivu. Lakini baadhi ya waliotumia walianza kugeuka rangi: midomo na kucha zikawa za samawati, kwa sababu dawa ilikuwa inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Wakemia wakaanza kutafuta ndugu wa asetanilidi aliye mpole zaidi. Mwaka 1887 kampuni ya Bayer, ambayo biashara yake ilikuwa rangi, ikapata njia ya kutumia mabaki ya kazi yake na kutengeneza fenasetini. Hii haikugeuza watu samawati kwa urahisi. Ilionekana salama, ikapendwa, na kwa zaidi ya nusu karne ikachanganywa na karibu kila kitu. Mchanganyiko wa aspirini, fenasetini na kafeini ulienea sana hata ukaitwa kwa herufi tu, APC, na ukanywewa na wanajeshi na raia kwa mamilioni.

Miaka 31 baada ya fenasetini kuzaliwa, yalikuja mafua makubwa ya 1918. Katika mji mdogo wa Huskvarna, kusini mwa Sweden, palikuwa na kiwanda kilichoanza kwa kutengeneza bunduki, kisha kikaingia kwenye cherehani, baiskeli na pikipiki. Daktari wa pale, Hjorton, aliwaandalia wafanyakazi unga wa kunywa: fenasetini, fenazoni na kafeini. Ulisaidia. Homa zilishuka, watu wakarudi kwenye mashine. Mafua yakaisha. Unga haukuisha.

Wafanyakazi waliendelea kuunywa, sasa si kwa homa bali kwa kazi. Asubuhi kabla ya zamu, mchana mwili ukilegea, jioni ili usingizi uje bila maumivu. Waliamini unawapa kasi, na kasi kiwandani ni fedha. Unga wa Dk. Hjorton ukawa sehemu ya ustaarabu wa mji. Ulifungwa vizuri ukatolewa kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ukapelekwa kwa mgonjwa kama sisi tunavyopeleka machungwa. Hakuna aliyejiona anatumia dawa vibaya. Dozi ya siku moja ya mfanyakazi wa kawaida isingemtisha daktari yeyote wa wakati ule. Kilichokuwa kikubwa ni idadi ya siku: miaka kumi, ishirini, thelathini.

Figo ni kiungo chenye subira ya ajabu. Zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake bila mwenyewe kuhisi chochote. Hazipigi kelele kama jino. Kwa hiyo mji ule uliendelea kupeana zawadi huku figo za watu zikinyauka kimya kimya. Mwaka 1953, madaktari wawili wa Uswisi, Spühler na Zollinger, walieleza kuhusu wagonjwa wa figo ambao wengi wao walikuwa na tabia moja: walikuwa wamekunywa dawa za maumivu kwa miaka mingi. Uswisi nako kulikuwa na Huskvarna zake, katika maeneo ya viwanda vya saa, ambako mikono ilipaswa kutulia na macho kukazwa kwenye vyuma vidogo kutwa nzima. Sweden iliondoa fenasetini kwenye mauzo huria mwaka 1961. Mwaka 1963 daktari Kurt Grimlund akachapisha uchunguzi wake juu ya kiwanda cha Huskvarna. Vifo vya kushindwa kwa figo vilikuwa vimefuata nyayo za unga.

Kwa nini watu hawakuacha? Jibu moja ni kafeini iliyokuwamo. Mwili uliozoea kafeini ukiikosa, kichwa huuma. Jibu la pili ni geni zaidi kwa wengi wetu: dawa za maumivu zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Siku hizi madaktari wa mishipa ya fahamu wana kipimo cha jambo hilo. Mtu mwenye tatizo la kichwa akinywa dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, au zile za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa miezi zaidi ya mitatu, kichwa chake kinaweza kuanza kuuma kwa sababu ya dawa. Anaamka na maumivu, anakunywa, maumivu yanaondoka, kesho yanarudi. Anaona ushahidi kila siku kwamba dawa inafanya kazi.

Huko Australia hadithi ilikuwa hiyo hiyo, ila walioimeza zaidi walikuwa akina mama wa nyumbani. Unga uliitwa Bex au Vincent's, ukatangazwa kama mwenzi wa mama aliyechoka. Mwaka 1965 Sydney palichezwa tamthilia ya vichekesho ambayo jina lake lilitokana na ushauri uliokuwa midomoni mwa watu: kikombe cha chai, Bex moja, kisha ujilaze. Watu walicheka kwa sababu walijitambua. Wakati huo huo, Melbourne, daktari Priscilla Kincaid-Smith alikuwa akiona wanawake hao wakija hospitalini na figo zilizokufa, akapiga kelele miaka kadhaa. Mwaka 1979 Australia ilizuia dawa hizo za mchanganyiko kuuzwa bila cheti cha daktari. Miaka iliyofuata, wagonjwa wapya wa aina hiyo wakapungua.

Nilikuwa nikisoma habari hizi kipindi ambacho nilikaa kwa shangazi yangu Morogoro. Shangazi ni mama lishe. Anaamka saa kumi usiku, anawasha jiko, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi supu na chapati ziko tayari kwa makondakta na abiria wa mabasi ya kwanza. Kutwa nzima amesimama au ameinama juu ya sufuria. Asubuhi moja nilimwona akifungua pindo la khanga, akatoa kidonge, akakimeza na chai ya kwanza.

"Shangazi, hicho cha nini?"

"Cha mgongo."

"Umeamka unauma?"

"Leo bado. Lakini utauma tu. Ndiyo maana nauwahi."

Nilimuuliza nani alimwandikia. Akacheka. Alisema duka analonunua hawamuulizi tena, wakimwona tu wanachukua mkasi na kumkatia vya wiki. Kile kipande cha karatasi alichonacho hakikuwa na jina, kwa sababu jina lilikuwa limebaki upande wa mteja mwingine. Nilipozidi kumdadisi alinitazama kama mtu anayemwelekeza mtoto njia fupi.

"Mama, hii si dawa. Hii ni nguvu."

Nilinyamaza, maana nilikuwa nimeyasoma maneno hayo usiku uliopita, yakiwa yamevaa makoti ya baridi ya Sweden. Sikumwona shangazi kuwa mjinga, na sitaki msomaji amwone hivyo. Mtu anayelipwa kwa siku hupiga hesabu ambazo mwenye mshahara wa mwezi hazipigi. Siku moja ya kulala na mgongo ni siku ya kukosa mauzo, na wateja wakikukosa mara mbili wanahamia kwa jirani. Kidonge ni bei ya chapati moja. Kwa hesabu hizo, kidonge kila asubuhi ni mtaji. Wafanyakazi wa Huskvarna walipiga hesabu hizo hizo, na kwa kile walichokuwa wanakijua, zilikuwa sahihi. Kilichokosekana kwenye daftari lao ni gharama isiyoonekana.

Ili kuielewa gharama hiyo inabidi turudi kwenye tawi jingine la ukoo, lililo kongwe zaidi. Mwaka 1763 kasisi wa Uingereza, Edward Stone, aliyeishi Chipping Norton, aliiandikia Royal Society ya London kuhusu gome la mti wa mwerebi. Alikuwa ameonja gome hilo akashangazwa na uchungu wake, uliomkumbusha gome la mti wa kwinini. Alilikausha kwa zaidi ya miezi mitatu karibu na tanuri la mwoka mikate, akalisaga, akawapa wagonjwa wa homa wapatao 50. Jambo ninalolipenda katika barua yake ni tahadhari. Alianza na kiasi kidogo sana, akarudia kila baada ya saa nne, akaongeza polepole huku akiangalia. Mtu yule hakuwa na maabara, lakini alikuwa na wazo la dozi: kiasi gani, na baada ya muda gani.

Kutoka kwenye gome la aina hiyo wakemia walipata kemikali waliyoibadilisha na kuibadilisha hadi, mwaka 1897, Felix Hoffmann wa Bayer akatengeneza aspirini safi. Mwenzake wa kampuni hiyo, Arthur Eichengrün, ambaye alikuwa Myahudi na alifungwa na Wanazi katika kambi ya Theresienstadt, aliandika mwaka 1949 kwamba kazi hiyo ilifanyika kwa maelekezo yake, na wanahistoria bado wanabishana. Aspirin ilisajiliwa mwaka 1899 ikazunguka dunia. Lakini kwa miaka 70 na zaidi hakuna aliyeweza kueleza inafanyaje kazi. Jibu lilikuja mwaka 1971 kutoka kwa John Vane, London: aspirini inazuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Ugunduzi wa Vane ndio ulioeleza bei ya aspirini. Prostaglandini huleta maumivu, uvimbe na homa, hiyo ni kweli. Lakini hizo hizo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazosaidia damu ifike kwenye figo wakati mwili una upungufu wa maji au moyo umechoka. Ukizizuia ili kichwa kipone, unazizuia na huko. Ndiyo maana aspirini na wadogo zake, ibuprofeni iliyovumbuliwa na Stewart Adams na wenzake katika kampuni ya Boots huko Nottingham, na diklofenaki iliyokuja miaka ya 1970, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuvuja damu, kupandisha presha, na kuzichosha figo. Anayezihitaji huzinywa baada ya kula, kwa kiasi kidogo kinachotosha, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au wa moyo, na mama mjamzito, hasa katika miezi ya mwisho, hawapaswi kuzigusa bila kumuuliza mtaalamu. Na hakuna faida ya kunywa mbili za tawi hili kwa pamoja. Madhara yanajumlishwa, nafuu haijumlishwi.

Watoto walilipa bei yao pia. Mwaka 1963, Douglas Reye wa Sydney alieleza ugonjwa wa ghafla unaoshambulia ubongo na ini la mtoto anayepata nafuu ya mafua au tetekuwanga. Miaka ya 1980 ilipoanza, uchunguzi nchini Marekani ulikuwa ukionyesha kwamba wengi wa watoto hao walikuwa wamepewa aspirini kushusha homa. Mwaka 1986 Uingereza ilisema aspirini isipewe mtoto wa chini ya miaka 12, na baadaye umri huo ukapandishwa hadi 16. Ugonjwa ule umekuwa nadra sana. Sentensi fupi iliyo kwenye pakiti, inayoonya kuhusu watoto, imesimama juu ya makaburi madogo.

Nasi tuna funzo letu la karibu. Homa ya dengue ilipoibuka Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019, wengi walikimbilia kile kilichokuwa ndani ya droo. Dengue hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu, hivyo kwa homa hiyo dawa inayoshauriwa ni parasetamoli. Mtu aliyeomba panadol akapewa diklofenaki kwa jina la ukoo alikuwa amepewa kitu cha hatari, na wote wawili wasingejua. Malaria nayo ina mtego wake: dawa ya maumivu hushusha homa bila kumgusa mdudu wa malaria. Mtu anapata nafuu ya mchana mmoja na kuahirisha kipimo.

Basi, parasetamoli ndiyo malaika wa ukoo? Hapo ndipo historia inapotabasamu kwa huzuni. Parasetamoli ilikuwa inajulikana zamani sana. Daktari wa Ujerumani, von Mering, aliijaribu mwaka 1893 akaishuku kwamba nayo inaharibu damu, na dunia ikaiweka kando ikachagua fenasetini. Mwaka 1948, New York, Bernard Brodie na Julius Axelrod walionyesha kwamba mwili wenyewe huigeuza asetanilidi kuwa parasetamoli, na kwamba parasetamoli ndiyo inayotuliza maumivu. Midomo ya samawati ilitokana na kitu kingine. Fenasetini nayo iligeuzwa hivyo hivyo. Yaani wafanyakazi wa Huskvarna, kwa miaka yote ile, walikuwa wakipata nafuu nyingi kutoka kwa parasetamoli, wakiinunua kwa njia ndefu iliyopita kwenye figo zao.

Mwaka 1955 Tylenol ya maji ya watoto iliingia sokoni Marekani, na mwaka 1956 vidonge vya Panadol vya miligramu 500 vikaanza kuuzwa Uingereza. Tumbo halikulalamika, watoto waliweza kupewa. Miaka kumi ikapita. Mwaka 1966, madaktari Davidson na Eastham waliripoti kutoka Edinburgh wagonjwa wawili waliokufa kwa kuharibika ini baada ya kuzidisha dozi. Baadaye ilieleweka kwa nini. Ini likiivunja parasetamoli, sehemu ndogo yake hugeuka kuwa sumu, na ini lina akiba ya kuizima sumu hiyo. Kwa dozi sahihi akiba inatosha na kubaki. Ukizidisha, akiba inaisha, na sumu inaanza kula ini lenyewe. Kazi ya Laurie Prescott na wenzake, Edinburgh hiyo hiyo, ilithibitisha miaka ya 1970 kwamba asetilisisteini huokoa ini, hasa ikitolewa ndani ya saa nane. Hilo ni muhimu kwa sababu aliyezidisha anaweza kujisikia vizuri siku ya kwanza. Kujisikia vizuri si ushahidi. Akizidisha mtu, kwa bahati mbaya au kwa sababu yoyote ile, aende hospitali saa ile ile, bila kusubiri dalili. Uingereza ilipunguza idadi ya vidonge katika pakiti moja mwaka 1998, na watafiti wa Oxford wakakuta kwamba ndani ya miaka 11 vifo vya parasetamoli Uingereza na Wales vilikuwa vimepungua kwa asilimia 43 hivi.

Sasa unaweza kuisoma bahasha. Vidonge viwili vya miligramu 500 ni gramu moja. Mara tatu kwa siku ni gramu tatu. Mpaka kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu nne kwa saa 24, na nafasi kati ya dozi na dozi isipungue saa nne. Mwenye mwili mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana, mpaka wake uko chini zaidi. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, na kwa kipimo kilichokuja na chupa, si kijiko cha chai kilichoko jikoni. Muuzaji aliyeandika 2 x 3 amekuacha ndani ya mpaka, na hata nafasi ya kupumua amekupa. Lakini dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Ukinywa hizo juu ya zile mbili kutwa mara tatu, nafasi ile umeila bila kujua. Ndiyo maana jina la kitu ni la muhimu kuliko jina la ukoo, na ndiyo maana kipande kilichokatwa bila jina ni kitu cha kukataa dukani, kwa adabu lakini kwa uthabiti.

Shangazi alikuwa na presha, aliambiwa mwaka mmoja kabla na anameza dawa zake. Miguu yake ilikuwa ikivimba jioni, akasema ni kusimama. Nilimsindikiza kliniki. Nesi alimpima, namba zikawa juu licha ya dawa. Akamuuliza, "Mama, zaidi ya hizi za presha unatumia dawa gani nyingine?"

"Hakuna," shangazi akajibu, na hakuwa anadanganya.

"Shangazi," nikasema polepole, "na ile nguvu?"

Nesi akaomba kuiona. Alikigeuza kile kidonge, akasoma herufi zilizochongwa juu yake, akasema ni diklofenaki. Damu ilipopimwa, figo zilikuwa zimeshuka kidogo. Waliposimamisha kile kidonge na kupima tena baada ya wiki kadhaa, zilikuwa zimepanda, na presha imetulia. Alikuwa amewahiwa, jambo ambalo mji mzima wa Huskvarna haukulipata. Mgongo bado unamuuma. Amenunua kigoda kirefu cha kukalia anapokanda unga, binti wa jirani anamsaidia kuinua sufuria, na siku zikiwa mbaya anakunywa parasetamoli kwa hesabu. Sitasema kwamba hiyo inatosha. Kidonge kilikuwa kinaficha swali la kazi yenyewe, na swali hilo halina bahasha.

Tanzania imejaribu kulijibu upande wa dukani. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambao ulichukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi: wauzaji wanafunzwa, duka linasajiliwa na kukaguliwa, kisha mpango ukasambaa nchini. Maana yake ni kwamba yule aliye nyuma ya kaunta ana wajibu wa kukujibu ukimuuliza. Wengi wetu hatumuulizi. Tunaharakisha, tuna foleni nyuma yetu, na tunajua tayari tunachotaka: panadol.

Namba isiyoandikwa kwenye bahasha ni ya siku. Mbili inasema kiasi, mara tatu inasema nafasi, lakini hakuna kinachosema mpaka lini. Hicho ndicho kiliwaua watu wa Huskvarna na wanawake wa Sydney, ambao kila siku moja moja ya maisha yao ilikuwa ndani ya dozi. Maelekezo ya parasetamoli katika nchi nyingi hutaja siku tatu kwa homa, na si zaidi ya siku kumi kwa maumivu ya mtu mzima, kisha umwone mtaalamu. Kwa hiyo muuzaji akikusomea mbili kutwa mara tatu, mwulize: kwa siku ngapi? Kisha mwombe kalamu uiandike mwenyewe.